Kwa Dada Zuwena, Juu ya Yule Bi Pua Wako

Dada yangu Zuwena,

Nimemwona tena yule mwanamke wako. Safari hii sikumkuta ukutani mwa mkahawa wala kwenye fulana ya mtoto wa mtu. Nimemkuta ndani ya sanduku lako, upande wa ndani wa kifuniko, pale pale ulipombandika kwa uji wa ngano wiki ile tuliyofika Matrah. Anacheka vile vile, meno yote nje, kama aliyeambiwa dunia nzima ni shughuli yake. Tangu tukuzike ni miezi minne. Wanao waliniletea sanduku hapa Mabela, nje ya Maskati, kwa mwanangu ninakokaa, wakasema, "Mama mdogo, mama alisema hili lije kwako." Nikakaa nalo siku tatu silifungui. Siku ya nne nikalifungua, na wa kwanza kunilaki akawa huyo. Nikenda jikoni nikachukua kisu.

Kisu kilifanya nini nitakwambia. Kwanza nna maneno yangu, na safari hii utanisikiliza mpaka mwisho, maana huna pa kwenda.

Jina la huyo mcheza sinema wako sitaliandika. Weye ulikuwa ukimwita "mwenzangu", kama mlionyonya ziwa moja, na mie nikamwita Bi Pua, kwa ile pua iliyoinuka kama inanusa sufuria ya jirani. Miaka sitini nimejaribu kufahamu watu wanaona nini kwake, na mpaka leo sijafahamu. Si mzuri. Wazuri tuliwaona kwetu, wakipita na buibui, na hakuna aliyewalipia kiingilio. Mwembamba, mabega kama henga ya koti. Sauti yake ya puani. Kila sinema ni ile ile: dakika ya kwanza anagombana na mwanamume, dakika ya mwisho yuko kifuani kwake, na hapo katikati anaanguka. Lazima aanguke. Kaanguka kwenye keki, kaanguka kwenye dimbwi, kaanguka kwenye ngazi na masanduku matatu, na akiinuka nywele ziko vile vile. Hapiki. Hafui. Ana kazi, lakini hatukumwona hata siku moja kachoka. Na hao wanaume wanaomgombania, wallahi, hakuna hata mmoja ambaye Baba angemkaribisha kahawa.

Na hafi. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Wenzake wote wa zamani wameshasahauliwa, yeye kila mwaka anapata wapenzi wapya. Mjukuu wangu Rukia, binti wa miaka ishirini na miwili, kazi yake benki, amembandika nyuma ya simu. Mwaka jana alinichukua mtaa wa Madinat Sultan Qaboos kwenye mkahawa mmoja wa keki ndogo za bei kubwa, na nani nimkute ukutani, mrefu kuliko mlango? Wasichana wanajipanga kupiga naye picha, hijabu zimepigwa pasi, wanainua kidevu kama yeye. Nikamuuliza mmoja, "Mwanangu, huyu unamjua?" Akanambia, "Simjui, bibi, lakini nampenda." Basi nikala keki yangu. Huyo ndiye aliyetuharibia nyumba, na watoto wanampenda bila hata kumjua.

Unakumbuka tulivyokuwa tukenda kumwona. Unguja kulikuwa na onyesho la wanawake Jumapili baada ya Alasiri, ukumbi mzima mabuibui, watoto wanalia, njugu zinamenywa, na mwanamume wa pekee mle ndani ni yule wa kwenye kioo. Baba alikubali kwa sharti moja: adhana ya Maghribi isitukute nje. Na sinema zile kila mara zilikuwa zinafika penye utamu jua linapokuchwa. Mie niliondoka. Kila Jumapili niliondoka, nikakupita miguuni, nikakunong'oneza, "Dada, twende, Baba atatuua," na weye hukugeuza hata shingo. Nilifika nyumbani na adhana. Weye ulifika baadaye, umekimbia njia nzima, buibui limekaa upande, unatweta. Ulikaripiwa, wiki iliyofuata ukarudia. Mie nilisifiwa kwa utii. Katika sinema zote za Bi Pua sikuona mwisho hata mmoja, na nikajiona nimekushinda.

Mwisho ulinisimulia weye, kitandani, pale usingizi usiponiwahi. Hivyo ndivyo nilivyoujua.

Kisha ikaja sitini na nne, na hayo siyarudii, unayajua. Tukapanda meli kuja Maskati na masanduku mawili. Baba alikuwa na kaka yake Matrah, ndiye Ami, mwenye duka la vitambaa, akatusemea kwa wakubwa tukapewa ruhusa ya kuteremka. Wengi hawakuipata. Ulikuwa na miaka ishirini, mie kumi na saba, na mji tulioukuta ulikuwa mawe na joto na maji ya kuletwa na punda. Sinema haikuwepo hata moja. Mama alikuwa akilia kwa ajili ya nyumba yake, Baba kwa ajili ya mashamba, na weye, siku ya pili au ya tatu, nilikukuta unakoroga uji wa ngano umbandike Bi Pua kifunikoni. Nikasema, "Watu wameacha mikarafuu, weye umebeba huyu?" Ukanambia, "Mikarafuu haikuingia sandukuni."

Na pale ndipo ulipoanza yale masimulizi yako. Kila Alkhamisi alasiri Shangazi alikuja na binti zake wawili, mke wa Ami akakaa kwenye mto wake, Mama akamimina kahawa, halua ikafunuliwa, na Shangazi akasema, "Haya, Zuwena, tupe." Ulisimulia kwa Kiswahili, na mke wa Ami, mzaliwa wa Matrah, alikuwa akikudaka mkono umtilie Kiarabu pale asipofahamu. Ulipenda kuanzia ile ya mkate. Bi Pua anauza viatu dukani, ng'ambo ya njia kuna mwoka mikate mkali, na mnyama wa Bi Pua kila asubuhi anamwibia mwoka mikate mkate mmoja. Wanagombana kwa sababu ya mkate, wanagombana kwa sababu ya njia, wanagombana mpaka mtaa mzima unajua kwamba wanapendana isipokuwa wao.

Mie nilikaa pembeni na kushona, na nilikuwa nacheka kwa dharau, kwa sababu nusu ya kwanza niliiona na nilijua unavyotia mkono. Mnyama alikuwa mbwa. Shangazi aliposikia mbwa analala kitandani na mwanamke alikunja uso kama anayetaka kukimbilia udhu, na wiki iliyofuata mbwa akawa paka. Mvinyo ukawa sharubati ya zabibu. Walipobusiana ulisema, "Wakapeana mkono, wakaulizana khali." Nyumbani mwa Bi Pua, alimokuwa akikaa peke yake, ukamtia bibi mzaa mama, kikongwe, kiziwi, yumo chumba cha nyuma anasali. Yule bibi hakuwahi kuwepo duniani, na Shangazi alikuwa akimuulizia kila wiki: "Na bibi je, hajambo?" Nawe ukimjibu bila kupepesa macho, "Hajambo, anaumwa magoti tu."

Na mwisho ulikuwa huu. Mwoka mikate amekasirika, kafunga duka, yuko stesheni anataka kuhama mji. Bi Pua yuko nyumbani, kakaa dirishani, hatoki. Anangoja. Mvua inanyesha. Kisha mlango unagongwa, anafungua, ni yeye, kaacha safari, karudi kwa miguu, kalowa, anatweta, kofia mkononi. "Kaja mwenyewe," ulikuwa ukisema, na Shangazi akajibu, "Alhamdulillahi, kamstahi," na binti zake wakajifuta macho kwa ncha za mitandio. Kila Alkhamisi. Nilikuwa nasonya kimoyomoyo. Nikasema, wanawake wazima wanalilia mwoka mikate wa Kizungu.

Wakati huo huo Seif yuko Dubai.

Najua hukupenda nimtaje mbele za watu, lakini hii ni barua yangu. Seif mwalimu wa hesabu, aliyekuposa Unguja, Baba akaridhi, mahari yakatajwa, na harusi ilikuwa ifungwe baada ya mfungo. Dunia ilipopinduka yeye alipata chombo cha kumfikisha Dubai. Huku Maskati hakuruhusiwa. Aliomba mara tatu kuingia, na mara tatu akajibiwa hapana, kama walivyojibiwa watu wengi wa Unguja miaka ile, eti hawajulikani, katika nchi ya babu zao. Baba akafariki mwaka wa pili, ukabaki mikononi mwa Ami, na Ami hakuwa mtu mbaya. Seif alipomwandikia kwamba ikiwa yeye hawezi kuja, basi uletwe weye na kadhi wa Dubai awafungishe ndoa, Ami alisema launchi, chombo cha injini cha kupakia vitambaa, inaondoka baada ya wiki mbili na nafasi ipo. Aliyekataa alikuwa Mama. Alisema binti yake hatoki kumfuata mwanamume kama mbuzi aliyekata kamba. Ukamlilia siku tatu. Mwisho akasema, "Ndugu yako akikubali kufuatana nawe, nenda. Yeye ndiye mwenye akili." Mwenye akili nilikuwa mie.

Ulinifuata juu darini, nilikuwa naanika mashuka. Nnaikumbuka mpaka rangi ya kamba.

"Nifuate, mdogo wangu," ukasema. "Mwezi mmoja tu."

"Na mlango wa kurudi wakitufungia?"

"Ami kasema atatusemea."

"Yaani weye umfuate mwanamume?"

"Hawamruhusu kuingia. Unajua. Kaomba mara tatu."

Nikakwambia, na nnayaandika kama nilivyoyasema: "Mwanamume anayekutaka haulizi ruhusa. Anakuja. Si weye mwenyewe unayetwambia kila Alkhamisi? Mwoka mikate kaja kwa miguu yake, kofia mkononi. Au Bi Pua ana thamani kuliko weye?"

Shuka moja ilikuwa imeanguka, ukaiokota ukaikung'uta vumbi, ukaitazama kama umeisahau ni ya nini. Kisha ukasema taratibu, "Hebu nikwambie mwisho wa ile sinema."

"Nnaujua," nikakujibu. "Nshausikia mpaka nimeuchoka."

Ukanipa shuka. Ukateremka ngazi. Launchi ikaondoka na vitambaa.

Miaka yote nilikuwa na sababu nyingi za kukataa, na zote nzuri: Mama alikuwa mjane, safari ilikuwa ya hatari, heshima ya nyumba. Sasa umekufa nami nna miaka karibu themanini, basi tusemezane. Nilikuwa na wivu. Mie hakuna aliyenitaka hata wa kukataliwa ruhusa. Na niliogopa kwamba utakwenda, utabaki huko, nami nitaachwa darini na mashuka na Shangazi, na Alkhamisi hakuna wa kusimulia. Niliyadharau masimulizi yako na sikuweza kukaa bila hayo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, mtu mwenye akili.

Ukangoja. Ngojangoja huumiza matumbo, husemwa, na lako niliona likiumia. Barua za Seif zikawa fupi. Kisha zikawa salamu ndani ya barua za watu wengine. Weye ukaendelea na mwoka mikate, Alkhamisi baada ya Alkhamisi, na nikaona jinsi unavyoliangalia dirisha ukifika pale mlango unapogongwa. Hapo chuki yangu na Bi Pua ilikamilika. Nikasema, huyu kidomo wa Kizungu ndiye aliyemfundisha dada yangu kukaa dirishani. Huyu anayelipwa kwa kuanguka. Kamtia ndoto kwamba mwanamume anarudi, na dada yangu anazeeka kwa kuamini sinema. Nikamlaani kila siku nilipokuona unafungua sanduku.

Mwaka wa sabini milango ilifunguliwa. Ufalme umegeuka, ruhusa zinatoka, na watu wa Unguja wakawa wanafika kila siku kutoka Dubai, kutoka Kuwaiti, kutoka Misri, wanakumbatiana mpaka sokoni. Na alasiri moja mlango wetu ukagongwa. Nilifungua mie. Alikuwa Seif, anatweta kwa zile ngazi zetu, kofia mkononi. Wallahi kofia mkononi, kama ulivyomsimulia mwoka mikate kwa miaka sita. Na nyuma yake mwanamke mnene mwenye uso mkunjufu, mtu wa Mombasa, na watoto wawili, mdogo kamshika kanzu.

Uliwakaribisha. Ulimimina kahawa kwa mkono wa kulia, ukamuuliza mkewe safari, ukampa mtoto halua ukamfuta vidole. Walipokwenda ukaosha vikombe vyote, hata visivyotumika. Nikasubiri ulie. Ukanambia, "Basi, kaja," ukacheka kile kicheko chako kidogo, ukaegemea mlango wa jiko, kisha ukaenda kusali. Alkhamisi ile Shangazi aliposema "Haya, Zuwena, ile ya mkate," ulijibu umeisahau. Hukuisimulia tena. Ukaolewa na Bwana Hamed wa watu, aliyefiwa na mkewe, mtu mwema mwenye kukoroma, ukazaa, ukafanya kazi wizarani, ukawa mtu wa kuheshimiwa. Na sanduku ukalihifadhi, na Bi Pua ndani yake anacheka.

Sasa tuje kwenye kisu.

Nilikuwa nimeanza kumbandua kwenye kona ya chini, karibu na shingo yake, Rukia akaingia. "Bibi, unafanya nini? Huyu si ndiye wangu?" Nikamwambia si wake, wa kwanza kumiliki balaa hilo alikuwa dada yangu. Akakaa chini akaniuliza, nikamsimulia kwa ufupi, viatu na mkate na mnyama mwizi. Kabla sijamaliza alishaipata sinema yenyewe kwenye simu, wanavyozipata siku hizi, kwa kidole kimoja. Akasema, "Tuiangalie." Nikakubali ili nipate kumcheka Bi Pua mbele ya shahidi. Na nilimcheka. Anagombana, anaanguka, mbwa analala kitandani, kila kitu kama nilivyokiacha. Rukia alikuwa akicheka kwa furaha na mie kwa dharau, tukasikilizana vizuri tu.

Mwoka mikate akafunga duka lake. Na pale pale, kutoka msikiti wa nyuma ya nyumba, ikaadhiniwa Maghribi.

Nikainuka. Dada, niliinuka kama niliyevutwa kwa kamba, nikakusanya mtandio, nikavaa ndara. Rukia akasema, "Kasali, bibi. Nimeisimamisha. Itakungoja." Nikageuka, na kweli, Bi Pua alikuwa amesimama na mdomo wazi, hawezi kwenda popote. Nikasali rakaa zangu tatu na sunna zake, na Mungu anisamehe, sijui nilisoma nini. Kisha nikarudi nikakaa.

Mwoka mikate yumo ndani ya treni, kakaa, kofia iko mapajani. Hashuki. Ningoje hapa, maana nataka uone kwamba nimeiona: hashuki. Treni inakaribia kuondoka na yule mjinga anasoma gazeti. Na Bi Pua wako anatoka nyumbani na ndara za chumbani, yeye muuza viatu, mvua inampiga, mbwa kwapani. Anakimbia njia nzima. Anaanguka, bila shaka anaanguka, lakini safari hii anainuka na tope mpaka kwenye ile pua, na nywele zimeharibika, na hakuna mtu anayecheka. Anapanda treni, anapita mabehewa matatu, anasimama mbele ya mwanamume wake. Anatweta. Nikamshika Rukia mkono nikasema, "Anasemaje?"

"Anasema, nimeona nikikungoja utafika umechelewa."

Nilimwambia Rukia azime. Akaniuliza kama sikuipenda.

Kumbe kule kukimbia na kutweta kulikuwa kwa Bi Pua. Ulimnyang'anya ukampa mwoka mikate, kama ulivyomtoa mbwa ukamtia paka, na kwa sababu ile ile: Shangazi asingestahmili. Mwanamke anayemkimbilia mwanamume stesheni usiku wa mvua asingepita kwenye kile chumba pamoja na halua. Basi ukamkalisha dirishani, ukamfanya mwenye adabu, ukamtia na mbwa wake kwenye uongo, na wakamlilia. Na mie, niliyejua kila ulipotia mkono, sikulijua hilo moja, kwa sababu Jumapili ile nilikuwa nimeshafika nyumbani, nasifiwa, na usiku wake usingizi uliniwahi.

Na darini nilikupiga kwa fimbo uliyoichonga mwenyewe. Ulitaka kunambia, "Hakuja. Alikwenda yeye." Maneno matatu tu yalibaki. Nikakwambia nnaujua.

Hasira nnazo nawe pia, usidhani utapona kwa kufa. Ungenikamata mabega. Ungesema, niliwadanganya, sikiliza. Mficha uchi hazai, dada, na weye ulinifichia mpaka kaburini, kwa staha, ili nisijione mjinga. Miaka hamsini na zaidi tulikaa pamoja, tukazaa, tukazika, nikamtukana mwanamke yule mbele yako kila nilipopata nafasi, na weye ukatabasamu ukanipa kahawa. Sanduku ukaliagizia lije kwangu. Nadhani ulijua nitachukua kisu. Nadhani ulitumai kwamba kuna mtu atanizuia.

Bi Pua bado sijampenda. Pua ni ile ile. Lakini nimemchukia kwa kosa alilolifanya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa anaanika mashuka.

Juzi Alkhamisi walikuja binti wawili wa Shangazi, vikongwe sasa, mmoja haoni vizuri, mwengine na fimbo. Niliwamiminia kahawa. Nikasema leo nasimulia mie. Nikaanza na viatu, nikaja kwenye mkate, na mbwa akawa mbwa.

"Zuwena alisema paka," akanambia mkubwa.

"Zuwena alikustahini."

Bibi mzaa mama nilimwondoa. Mvinyo nikautaja kwa jina lake. Nilipofika kwenye mvua nikanywa maji. Nikawaambia alivyotoka na ndara, alivyokimbia, alivyoanguka, alivyopanda.

"Kamfuata?" akauliza yule asiyeona vizuri.

"Kamfuata."

Nilingoja waseme astaghfirullah. Yule mkubwa akaigeuza geuza fimbo yake, akasema, "Na sisi tulikuwa tukilia kwa yule wa dirishani." Walikunywa kikombe cha pili, wakaenda zao.

Kisu kimerudi jikoni. Kona ya shingo yake nimeibandika upya kwa uji wa ngano, ule ule wako, na sanduku liko chini ya kitanda changu. Dua nnakuombea kila sala, hilo unalo bila ya barua. Hii ni kwa sababu ya siku ile darini. Nitie tena ile shuka mkononi, uniambie, nami nitakaa kitako nisikilize.

Nisamehe, dada. Mungu akulaze pema.

Ni mie mdogo wako, niliyekuwa nikiondoka kabla ya mwisho.